Tundu likisoma dogo kuliko lilivyo
Ukipima tundu kwa mkono wa kupimia (kifaa chenye viungo kinachogusa kitu kwa gololi iliyo kwenye ncha yake, na programu ya kompyuta ikakokotoa kipimo) na kipenyo kikatoka kidogo kuliko kile halisi, linganisha kwanza tofauti hiyo na kipenyo cha gololi ya ncha. Ikiwa ni mara mbili ya kipenyo cha gololi (gololi ya mm 6, tofauti mm 12), programu imedhani unapima pini kwa nje. Rudia: gusa ukuta pointi zako zote, kisha leta gololi katikati ya tundu kabla ya kubonyeza kitufe cha kumalizia. Programu nyingi husoma hapo upande wa kufidia, yaani kama ziongeze au zipunguze unene wa gololi. Nyingine hutaka uchague ndani au nje kwenye skrini. Tofauti ikiwa ya sehemu ndogo ya milimita, dawa hii haisaidii. Kagua kama ncha imekaza, na kama shina lake linagusa ukingo kabla ya gololi kufika ukutani. Hilo la shina lilinipotezea asubuhi nzima.