Kopo limegoma kuonekana: nifanyavyo mimi Mji Mkongwe na ufukweni

Umesimama kichochoroni, jua la saa saba utosini, simu inasema umebakiwa na mita 3. Unapiga hatua mbili, inasema 19. Unarudi, 11. Ukutani hakuna kitu, chini hakuna kitu, na wazee wa barazani wameshaacha dhumna yao wanakutazama wewe. Yamenikuta mara nyingi katika mchezo huu wa jiokashi, wa kusaka makopo yaliyofichwa kwa kufuata namba za GPS; ukilipata, unaandika jina lako na tarehe kwenye karatasi iliyomo ndani. Siku hizi nakwenda hivi.

Hatua ya 1: Kagua namba

Kwetu Zanzibar namba huanza na S (kusini), kisha E (mashariki). Ukiandika N (kaskazini) badala ya S simu itakupeleka kusini mwa Ethiopia, na hilo utaligundua mapema. Baya ni kosa la nukta. Ukurasa wa kopo, kwenye programu ya mchezo, huandika nyuzi, kisha dakika zenye desimali, mfano S 06° 09.700 E 039° 11.500, na hapo ni Mji Mkongwe. Ukiziingiza kwenye ramani kama 6.09700 na 39.11500, unaangukia baharini, zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini. Tazama na tarakimu ya mwisho: kila moja ni karibu mita 2, kwa hiyo ukisoma 3 ukaandika 8 umeshapotea mita 9.

Hatua ya 2: Acha kuufukuza mshale

Hapa ndipo wengi tunapoteza saa nzima, tukiufuata mshale wa simu unaoelekeza kwenye kopo. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kosa likafika hata mita 100. Walipoacha, haikupita siku mbili Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo kwao katika jimbo la Oregon, na mchezo ukaanzia hapo. Leo penye uwazi simu hukosea mita 5 hivi, basi.

Lakini vichochoro vyetu havina uwazi. Kuta ni nene, ghorofa mbili tatu kwenda juu, na mbingu unaiona kama utepe. Mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta wa jirani kwanza ndipo yakufikie wewe, na simu inayahesabu kana kwamba yamekuja moja kwa moja. Nimeshapelekwa mita 30 pembeni. Kwa Mji Mkongwe mita 30 ni kichochoro kingine kabisa, na kukifikia inabidi uzunguke mtaa mzima.

Kwa hiyo toka nje. Nenda penye uwazi wowote wa karibu, simama dakika 2 au 3 simu itulie, kisha fungua ramani ya picha za angani uone nukta imeangukia paa gani, kona gani. Rudi ndani kwa kuhesabu kona na milango, simu ikiwa mfukoni. Mfukoni kwelikweli, maana ukiishika utaitazama.

Shambani au ufukweni ni rahisi zaidi. Simama mita 30 hivi kutoka kwenye nukta, tazama mshale unaelekea mti gani au jiwe gani. Zunguka robo ya duara, fanya tena. Mistari miwili inapokatana, anzia hapo.

Hatua ya 3: Soma ukurasa wote, pamoja na walioshindwa

Ukubwa wa kopo, kiwango cha ugumu kutoka 1 hadi 5, halafu kidokezo. Kidokezo hufichwa kwa kusogeza kila herufi nafasi 13, hivyo “ukuta” utausoma “hxhgn”. Programu inakugeuzia kwa kubonyeza tu. Wapo wanaoona aibu kukifungua. Mimi nampa aliyeficha robo saa ya heshima, kisha nafungua.

Halafu soma walioandika kabla yako. Kopo la ugumu 1.5 ambalo watu watatu wa mwisho wamelikosa, dhana yangu ya kwanza ni kwamba halipo tena.

Hatua ya 4: Tazama kwa jicho la aliyeficha

Makopo madogo kabisa, ukubwa wa ncha ya kidole, hushikiliwa na sumaku. Basi tafuta chuma: nondo za dirisha, bawaba, mguu wa ubao wa tangazo. Ile misumari mikubwa ya milango yetu ya kuchongwa usihangaike nayo, ni ya shaba na shaba haishiki sumaku. Tena milango ile ina wenyewe. Na hewa ya chumvi hula chuma: sumaku inashika kutu, kutu inabanduka, kopo linadondoka. Kwa hiyo ukishakagua kwenye usawa wa mkono, inama utazame chini hapo hapo.

Usichomoe jiwe ukutani. Chokaa ya kuta hizi imezeeka, na jiwe moja hutoka na wenzake. Kopo la kulifikia kwa kubomoa halikufichwa hivyo. Kwenye mashimo tanguliza tochi na kijiti, mkono baadaye. Nge na tandu nao wanapenda kivuli.

Hatua ya 5: Salimia watu

Vitabu vya wageni husema jifiche, watu wasikuone. Kwetu kujificha ndiko kunakokuponza. Niliwahi kuhangaika chini ya kibaraza karibu saa nzima, dirisha likafunguliwa juu yangu.

“Mwanangu, umepoteza nini?”

“Shikamoo bibi.” Akaitikia, nikamweleza.

“Kumbe mchezo! Mie nimekiona hicho kikopo nikifagia. Ndani karatasi imeviringishwa, majina ya watu na tarehe. Nikasema hii hirizi, kuna mtu anafanyiziwa. Nikakitia moto.”

Sikuwa na la kujibu. Karatasi ile ukiitazama kwa macho yake, hirizi hasa. Tangu siku hiyo naanza na salamu, naonyesha simu, nasema natafuta kopo la mchezo. Mara nyingi anayejua ni mtoto. Kwenye magofu, makaburi na mapango ya mizimu, muulize mwenyeji au sheha kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 6: Ufukweni, uliza maji

Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Jiwe ulilolizunguka asubuhi, mchana halionekani. Nenda maji yakipwa, na jua saa ya kurudi.

Hatua ya 7: Ukikosa, andika umekosa

Usiweke kopo lako kuziba pengo halafu ukajiandikia umelipata. Huenda la kwanza lipo bado, na aliyefuata atakuta mawili. Andika ulitafuta muda gani, wapi, umeona nini kimebadilika. Mimi siku ile niliandika: “Sikulipata. Dakika 55. Kopo limechomwa moto na mwenye nyumba, kwa nia njema. Likiwekwa jengine, liandikwe juu kwa Kiswahili kwamba ni mchezo, na bibi wa dirisha la juu aombwe ruhusa kwanza.”