Jinsi ya Kumsaidia Mtu Anayetumia Kaktasi ya Peyote

Peyote ni kaktasi ndogo isiyo na miiba, yenye asili ya Meksiko na kusini mwa Texas, na kinacholeta maruweruwe ndani yake ni meskalini, kemikali iliyotengwa na mwanakemia Mjerumani Arthur Heffter mwaka 1897.

Ukimkuta mtu amekwisha kuitumia, mboni zimepanuka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio na pengine anatapika, usimwache peke yake: mkalishe mahali patulivu penye mwanga hafifu, zungumza naye kwa sauti ya chini, wala usibishane naye kuhusu anayoyaona. Jiandae kukaa naye, kwani hali hiyo huweza kudumu saa 10 hadi 12. Akipata degedege, maumivu ya kifua au joto kali, au akitaka kujidhuru, mpeleke hospitali mara moja, ambako madaktari huweza kumtuliza kwa dawa za jamii ya benzodiazepini.

Meskalini haileti arosto kama ya heroini. Hata hivyo, na hili hupuuzwa mno, mtu anaweza kuifanya kimbilio la huzuni zake hadi akaacha kazi na jamaa zake, na wengine huendelea kuona mambo yasiyokuwapo muda mrefu baada ya kuacha. Mwenye historia ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asitofautishe hali halisi na njozi, yumo hatarini zaidi.

Uraibu huu hauna dawa yake maalumu. Hutibiwa kwa ushauri nasaha wa mara kwa mara, pamoja na kutibu sonona au wasiwasi uliojificha nyuma yake. Msindikize kliniki, umhimize amweleze daktari kila alichotumia, bila kumkaripia.