Somo: Kuamsha pikapu ya Peugeot 504 iliyolala miaka

Kutoka Molo hadi Busia, nchini Kenya, bado zipo: 504 imesimama nyuma ya ghala la mahindi, magurudumu yamezama udongoni, kuku wanataga ndani ya kebini. Anayeirithi au kuinunua kwa bei ya chuma chakavu hukimbilia betri mpya, humwaga petroli kidogo kwenye kabureta, kisha hupiga stata. Ikiwaka watu wanashangilia. Wakati huo huo ringi za pistoni zenye kutu zinakwaruza laina (kuta za silinda), oili haijafika kwenye roka (mikono inayobonyeza valvu), na uchafu wa tanki uko njiani kuelekea kwenye jeti, vile vitundu vya kabureta. Injini iliyolala miaka kumi mara nyingi huharibiwa ndani ya nusu dakika ya kwanza. Ndiyo maana hapa chini ufunguo haugeuzwi mpaka hatua ya nane.

Somo ni la injini za petroli, cc 1,618 na cc 1,796. Dizeli tumeigusa kwenye maswali ya wanachama, mwishoni.

Hatua ya 1. Usiivute. Breki zilizokwama zikivutwa kwa nguvu hung'oa lainingi, na gari likivutwa likiwa na gia linageuza injini kavu. Weka vigingi kwenye magurudumu, ondoa betri, kisha kagua chesisi kwa nyundo ndogo, hasa pale spring za nyuma zinaposhikana nayo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bubu. Chungulia ndani ya kifuniko cha chujio cha hewa na kwenye bomba la moshi: panya na nyigu hupenda makao hayo. Nyaya zilizotafunwa zibadilishwe sasa, kabla umeme haujapita.

Hatua ya 2. Silinda. Plagi za injini hii zimekaa ndani kabisa ya hedi (sehemu ya juu ya injini), kwenye visima virefu. Visima hivyo hujaa vumbi, kutu na maji. Puliza kwa kompresa kabla ya kulegeza plagi yoyote, la sivyo uchafu wote unaangukia juu ya pistoni. Ukishazitoa, changanya ATF (oili ya gearboksi za otomatiki) na mafuta ya taa nusu kwa nusu, mimina mililita 15 hivi kila silinda, uache siku mbili. Kisha weka spana kwenye nati ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini) na uigeuze polepole, kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukiwa mbele ya gari. Ikigoma, irudishe nyuma kidogo, ongeza mchanganyiko, subiri tena. Wiki nzima si muda mrefu. Ukirefusha spana kwa paipu ya mita moja utapata injini inayogeuka na pistoni iliyopasuka.

Hatua ya 3. Oili. Mwaga ya zamani. Yakitangulia maji kutoka, chunguza: maji machache ni ya unyevu tu, ila lita nzima inamaanisha gasketi ya hedi au sili za laina. Badilisha chujio, jaza 20W-50 ya kawaida, takribani lita 4, na uthibitishe kwa kijiti. Fungua kifuniko cha roka umwagie oili juu ya roka na fimbo zake.

Ukiwa chini ya gari, tazama pia gearboksi. Ile ya aina ya BA7 hutumia oili ya injini. Mafundi wengi huweka EP 90, oili nzito ya gia, kwa mazoea, halafu mwenye gari analalamika kwamba gia ya pili inakwaruza asubuhi.

Hatua ya 4. Valvu. Injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.10 mm, za kutoa 0.25 mm. Utaratibu wa Peugeot ni huu. Valvu ya kutoa ya silinda 1 ikiwa wazi kabisa, rekebisha ya kuingiza ya 3 na ya kutoa ya 4. Ya kutoa ya 3 ikiwa wazi, rekebisha ya kuingiza ya 4 na ya kutoa ya 2. Ya 4 wazi: ya kuingiza ya 2, ya kutoa ya 1. Ya 2 wazi: ya kuingiza ya 1, ya kutoa ya 3. Valvu iliyokwama utaiona hapa, roka inabonyeza lakini valvu hairudi juu. Mwagia mafuta ya kupenya kwenye shina lake, ligonge taratibu kwa kipande cha mbao.

Hatua ya 5. Maji. Hapa ndipo 504 nyingi zilikufa, tena zikiwa bado barabarani. Hedi ni aluminiamu, bloku ni chuma, na laina zimezungukwa na maji moja kwa moja, zimekalia sili nyembamba chini. Ukijaza maji ya bomba miaka na miaka, kutu inatafuna laina kutoka nje na aluminiamu inalika kwenye njia za maji. Maji ya visima yenye madini mengi huongeza ukoko ndani ya redieta.

Toa thamostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye redieta mpaka injini ipate joto), suuza bloku kwa mpira wa maji kutoka juu mpaka maji meupe yatoke, kisha suuza redieta kinyumenyume, maji yakiingilia chini. Badilisha hosi zote hata kama zinaonekana nzima. Zibonyeze, zikitoa mlio wa kukatika zimekwisha. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini au maji safi ya mvua, nusu kwa nusu. Na thamostati irudi mahali pake. Kuitupa ni desturi mbaya ya gereji zetu. Injini isiyopata joto hula petroli na kuchakaza silinda.

Hatua ya 6. Petroli. Petroli ya zamani hugeuka gundi ya rangi ya kahawia yenye harufu kama ya rangi ya ukutani. Usiichanganye na mpya ukitumaini itapona. Shusha tanki. Mwaga, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha weka mnyororo mwepesi au viganja viwili vya nati ndogo ndani na utikise kila upande. Kutu ikibaki, jaza siki uache siku mbili, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha kwa kompresa, na mara moja suuza kwa petroli yenye oili kidogo ili kutu isirudi usiku huo huo. Tanki lenye tundu lisipelekwe kwa mchomeleaji kama lilivyo: mvuke uliobaki hulipuka hata kama tanki linaonekana kavu.

Puliza paipu yote ya chuma, badilisha vipande vya mpira, weka chujio kabla ya pampu. Pampu iko ubavuni mwa injini na diaframu yake (utando wa mpira) huwa imekauka. Ikipasuka, petroli inaweza kuingia kwenye oili, kwa hiyo nusa kijiti cha oili mara kwa mara wiki za kwanza.

Kabureta ifunguliwe yote. Toa jeti, zipulize, usizichokonoe kwa waya wa chuma kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo vipimo vimepotea. Badilisha sindano na kiti chake, diaframu ya pampu ya kuongezea mafuta, na gasketi. Tikisa floti kando ya sikio: ikiwa na petroli ndani, imetoboka.

Hatua ya 7. Moto. Pointi zisuguliwe kwa msasa laini na zipimwe 0.4 mm, plagi 0.6 mm. Kondensa mpya haina gharama kubwa. Zile kofia ndefu za plagi zinazoshuka kwenye visima hupasuka, na moto unarukia hedi, zikague gizani.

Hatua ya 8. Kuwasha. Plagi zikiwa bado nje, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime. Mchanganyiko uliobaki juu ya pistoni utatoka kwa nguvu, usiiname hapo. Sasa funga plagi, weka kizima moto karibu, vuta choki, washa. Moshi wa buluu dakika ishirini za mwanzo ni mabaki ya hatua ya 2. Moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa imeshapata joto, huku redieta ikitoa mapovu, hiyo ni gasketi.

Hatua ya 9. Kabla ya kusogea mita moja. Badilisha hosi zote za breki, fungua silinda za breki za nyuma na kaliperi za mbele. Raba za breki huoshwa kwa mafuta ya breki au spiriti pekee. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida huzivimbisha, na breki zinakwama ukiwa njiani. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Klachi ikiwa imeshikana na flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), pasha injini moto, zima, weka gia ya kwanza, kanyaga klachi hadi chini, piga stata mahali pa wazi pasipo mtu mbele.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Bungoma:* Mwalimu, nimefuata mpangilio wa moto wa silinda, 1-3-4-2, pointi ziko sawa, lakini inalipuka kupitia kabureta na haiwaki.

*Jibu:* Umehesabu kutoka kwenye redieta, sivyo? Peugeot huhesabu silinda ya 1 kutoka upande wa flaiwili. Silinda ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, lakini moja inabana wakati nyingine inatoa moshi, kwa hiyo moto wako unafika nusu mzunguko wa distributa mbali na mahali pake. Sogeza kila waya nafasi mbili kwenye kifuniko, mpangilio ubaki ule ule.

*Mwanachama, Kakamega:* Fundi alitoa hedi akabadilisha gasketi vizuri kabisa. Sasa kuna maji ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gasketi feki?

*Jibu:* Muulize kama aligeuza krenki hedi ikiwa nje. Hedi ndiyo inayoshikilia laina chini. Ikiondoka, pistoni inazinyanyua na zile sili za chini zinaacha kuziba. Laina hufungwa kwa washa pana na bolti za hedi mara tu hedi inapotoka. Hapo ulipo, pole ndugu: hedi na sampu zitoke, laina zitolewe, ziwekewe sili mpya. Usiendeshe hata hadi gereji, maji yatakula beringi.

*Mwanachama, Kisumu:* Barabara ya Busia haina shida, ila nikikwama kwenye foleni mjini saa nane mchana inachemka.

*Jibu:* Tazama feni. Nyingi za 504 zilitoka na klachi ya sumaku, feni haishiki mpaka swichi ya joto iruhusu. Kagua fyuzi, brashi ya kaboni na swichi. Kupima: unganisha nyaya mbili za swichi pamoja ufunguo ukiwa umewashwa, ukisikia mlio wa kushika, swichi ndiyo mbovu. Wengi hufunga feni kwa bolti moja kwa moja. Inafanya kazi, ila kelele na petroli vinaongezeka.

*Mwanachama, Eldoret:* Kabureta ilitengenezwa Kisumu ikawa safi. Nikipanda Timboroa inakosa nguvu, plagi nyeusi.

*Jibu:* Kisumu iko mita 1,130 hivi, Timboroa inapita 2,700. Hewa ni nyepesi lakini jeti inatoa petroli ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta. Kama unapita tu, vumilia. Kama unaishi Eldoret, rekebisha hapo hapo Eldoret: skrubu ya mchanganyiko kwanza, na jeti kuu ndogo zaidi kwa namba moja ikiwa plagi zitabaki nyeusi baada ya safari ndefu.

*Mwanachama, Nakuru:* Je, petroli isiyo na risasi (ledi) haitakula viti vya valvu? Gari ni la kabla ya 2006, enzi za petroli yenye risasi.

*Jibu:* Hedi ya aluminiamu ina viti vya chuma vilivyopachikwa, kwa hiyo matumizi ya kawaida hayana shida. Pima valvu za kutoa kila kilomita 5,000. Ile 0.25 ikizidi kupungua kila unapopima, kiti kinalika.

*Mwanachama, Siaya:* Yangu ni dizeli. Nifanye nini tofauti?

*Jibu:* Mchanganyiko wa hatua ya 2 utie kupitia matundu ya plagi za joto, na uutoe wote kwa kupiga stata matundu yakiwa wazi, maana majimaji hayabanwi na mgandamizo wa dizeli utapinda konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Mwaga maji chini ya chujio la dizeli. Hewa itolewe kwa zamu: chujio, pampu, kisha nati za injekta huku mwenzako akipiga stata, mpaka dizeli itoke bila mapovu.