Bando linaisha haraka ukiunga kompyuta kwa hotspot?

Mara nyingi kinacholimaliza si kazi yako. Kompyuta ikipata Wi-Fi hudhani ni intaneti isiyo na kikomo, hivyo hupakua masasisho na kupandisha picha na mafaili kimyakimya.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha sifa za mtandao wa simu yako, uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri, na OneDrive (huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni) itasimamisha kazi yake. Hakikisha tu unaunga Wi-Fi ya kawaida angalau mara moja kwa wiki, maana masasisho ya usalama nayo yatakuwa yanangoja.

Wengi hukwama hapa: mpangilio huo ni wa mtandao mmoja tu. Ukibadilisha jina la hotspot, au ukihamia waya wa USB, kompyuta huuona kuwa mtandao mpya, na swichi inarudi kuzimwa. Iwashe tena.

Waya wenyewe naupendekeza sana kwa mikutano ya video: hauingiliwi na Wi-Fi za majirani, na simu inachaji. Ikipata joto, vua kava.