Mtoto mwenye mzio wa chakula anapokwenda MRI (picha za mwili kwa sumaku kali) akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi: mambo ya kuzingatia kabla

Mtoto aliye macho atasema koo linamwasha. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hasemi kitu, na mabaka ya ngozi hufichwa na shuka. Ndiyo maana karatasi ambayo mzazi ameandika habari za mzio ina uzito kuliko maelezo ya mlangoni.

Kuandika "ana aleji" hakutoshi. Taja chakula, kiasi alichokula, dakika zilizopita kabla ya dalili, dalili zenyewe (mabaka tu, au alitapika, akabanwa kifua, akalegea), dawa aliyopewa na tarehe ya mara ya mwisho. Kama ana pumu, iandike pamoja na dawa zake. Mpime uzito upya, kwa sababu adrenalini, sindano ya kuokoa mzio mkali, hukadiriwa kwa kilo: miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mwenye kilo 15 hupata miligramu 0.15, ambayo ni mililita 0.15 ya ampuli yenye miligramu 1 kwa mililita.

Karatasi hiyo imfikie daktari wa usingizi siku kadhaa kabla. Wazazi wengi huogopa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, maana ina mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai. Kwa kawaida mzio wa yai hutokana na protini za ute, na wataalamu wa mzio wa Marekani wanaona dawa hii inafaa hata kwa wenye mzio wa yai au soya. Hata hivyo, aliyewahi kuzidiwa vibaya na yai atajwe waziwazi, daktari aamue. Hofu nyingine ni ya samaki na kamba kwenye dawa ya kontrasti, inayochomwa ili picha za kipimo cha CT zionekane vizuri. Mzio wa kamba unatokana na protini yake, si madini joto (iodini) yaliyomo kwenye kontrasti hiyo, kwa hiyo haumzuii mtoto kupewa kontrasti. Kinachozuia ni kama aliwahi kudhurika na kontrasti yenyewe.

Yapo mambo yasiyoulizwa sana ambayo ni ya hatari zaidi. Baadhi ya vichupa vya miligramu 40 vya methiliprednisoloni, dawa ya steroidi inayotumika pia kwenye mzio mkali, vina laktosi ya maziwa ya ng'ombe, yenye mabaki ya protini. Mwenye mzio wa maziwa anaweza kuzidiwa na dawa iliyokuja kumwokoa. Kipimo cha nyuklia cha kuangalia tumbo linavyomwaga chakula mara nyingi hutumia yai. Na mtoto anayewashwa na ndizi, parachichi au papai huenda akawa na mzio wa mpira wa glavu pia.

Kufunga kula ndiko kunakoharibu ratiba nyingi. Chakula kigumu, maziwa ya kopo na ya ng'ombe: saa 6 kabla ya dawa ya usingizi. Maziwa ya mama: saa 4. Maji, chai ya rangi au juisi iliyochujwa: saa 2, labda hospitali iwe imetoa maelekezo mengine. Uji hata ukiwa mwepesi ni chakula, na wa unga wa lishe mara nyingi una karanga na soya ndani. Chakula cha mwisho usiku kiwe alichokizoea. Huo si wakati wa kujaribu kitu kipya.

Dawa za mzio za kila siku na pampu ya pumu kwa kawaida haziachwi; dawa za mzio huachwa siku kadhaa kabla ya kipimo cha mzio cha ngozi, jambo tofauti kabisa. Thibitisha tu na daktari. Akiwa na homa, mafua mazito au kifua kinachopiga mluzi, piga simu kabla ya kuondoka nyumbani, maana usingizi huweza kuahirishwa.

Bangili ya chuma ya tahadhari huvuliwa kabla ya chumba cha MRI. Omba ya karatasi yenye jina la mzio. Kalamu ya adrenalini, yenye springi ndani, ibaki nje na mtu mmoja anayejulikana, si kwenye begi lililofungiwa kabatini.

Mbebee mtoto chakula chake cha baadaye, maana wodini anaweza kupewa biskuti au maziwa bila kuulizwa. Aanze kwa maji, kisha kitu anachokila kila siku, kidogo kidogo: kutapika baada ya usingizi ni jambo la kawaida, na chakula kigeni kitakuacha hujui kama ni dawa au ni mzio.