Jinsi ya kutumia neno "vulnerable" bila kupotosha maana

Neno la Kiingereza vulnerable lina asili ya Kilatini: vulnus, yaani jeraha. Huelezea mtu au kitu kisicho na kinga ya kutosha dhidi ya madhara. Angalia mwelekeo: madhara yanamjia yeye, hayatoki kwake. Tafsiri nyingi huharibikia hapo. Vulnerable children ni "watoto walio katika mazingira hatarishi"; ukifupisha ukaandika "watoto hatarishi", umewageuza wao kuwa ndio hatari yenyewe. "Watoto dhaifu" nayo haifai, maana mtoto mwenye afya tele huwa vulnerable akikosa mlezi.

Katika sentensi, chanzo cha madhara hutanguliwa na to, si for wala from: The coast is vulnerable to flooding. Baada ya to hiyo weka nomino, au kitenzi chenye -ing. Vulnerable to be attacked ni kosa. Sema vulnerable to attack. With ipo, ila ina kazi nyingine kabisa: She was vulnerable with her sister, yaani alimfungulia dada yake moyo bila kujificha. Maana hii ya hisia imetapakaa mitandaoni, na ukiitafsiri kwa "udhaifu" unamtukana aliyesifiwa.

Usilichanganye na prone. Mtu prone to headaches huumwa kichwa mara kwa mara. Aliye vulnerable huenda hajawahi kudhurika hata siku moja.

Kwa wahifadhi, Vulnerable yenye V kubwa ni daraja rasmi katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inayopanga viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, na juu yake kuna Endangered, kisha Critically Endangered. Simba wa Afrika yumo kwenye Vulnerable. Tembo wa savana amewekwa Endangered tangu 2021. Kwa hiyo kuwaandika wote "walio hatarini kutoweka" bila kutaja daraja ni kufuta tofauti hiyo. Kwenye kompyuta, nomino vulnerability huhesabika: vulnerabilities ni mianya ya kiusalama katika programu.

Matamshi: mkazo uko silabi ya kwanza, VAL, wala si ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Waingereza wengi huimeza l ya kwanza. Ukiwa bado unajifunza itamke tu, usije ukaidondosha na kwenye maandishi.