Somo: kupata mabomu ya moshi yasiyo na baruti kwa Ferret yako

Wakuu mlioko Uingereza mnaofufua magari ya deraya, hapa ndipo watu wanapoweza kuumia. Ferret, gari dogo la deraya la upelelezi lililotengenezwa na Daimler, ina mitungi sita ya kurushia moshi, mitatu kila upande. Ikiwa mitupu, gari linaonekana limepungukiwa, nakubali. Ila msijaze kwa pupa.

Hatua ya kwanza, pima. Bomu la L8, linalotumika kwenye magari ya baadaye kama Scimitar, ni la milimita 66. Usidhani litaingia kwenye mitungi ya Ferret. Chukua kaliperi, pima kipenyo cha ndani cha kila mtungi, maana mingine imepinda.

Pili, chagua. Yapo ya mazoezi yaliyotoka kiwandani bila kujazwa kitu, na yapo ya kuiga. Mimi nasimama na ya kuiga: mbao iliyokerezwa, ikapigwa rangi. Watazamaji wanaona kichwa tu, na ndani unajua kuna mbao.

Tatu, ukinunua la kiwandani, dai hati ya maandishi kwamba halina kilipuzi, na picha za ndani na za kitako. Rangi na neno INERT (yaani halina kilipuzi) si ushahidi. Yeyote mwenye brashi anaweza kuandika. Mabomu mengi ya zamani yalijazwa fosforasi nyeupe, ambayo huwaka yenyewe ikikutana na hewa. L8 ina fosforasi nyekundu, nayo si ya kuchezea. Muuzaji akisitasita, achana naye.

Nne, kata kabisa nyaya za umeme zinazokwenda kwenye mitungi, hata kama umeweka mbao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimenunua gari, kuna kitu kimekwama ndani ya mtungi. Nikigonge kitoke?
Jibu: Usiguse, ndugu yangu! Usilisogeze gari. Watoe watu, kaa mbali, piga 999. Polisi wataita wategua mabomu wa jeshi.

Swali: Naweza kuyabeba kwenye ndege?
Jibu: Hapana, hata ya mbao. Bomu la kuiga haliruhusiwi kwenye mizigo. Ukienda Normandy, Ufaransa, kwa feri, iulize kampuni kabla ya kukata tiketi.

Swali: Na kama sina fedha ya kukereza?
Jibu: Funika midomo ya mitungi kwa vifuniko. Hakuna atakayejua ndani kuna nini.